Naomba ushauri: alamanda yangu inageuka manjano majani
Ndugu wajuzi wa bustani, nina alamanda, ule mmea utambaao wenye maua ya njano yaliyofanana na tarumbeta, asili yake Amerika ya Kusini, ambao nimeupandisha kwenye uzio hapa Mikindani mahali penye jua la kutosha. Majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani, nami nashuku chokaa iliyomo katika udongo wetu wa matumbawe. Je, mboji itatosha, au niuhamishie kwenye pipa lenye udongo mwingine? Utomvu wake ni sumu, hivyo mbuzi nimewazuia. Aidha, kwa kuwa huchanua kwenye machipukizi mapya, niupogoe sasa au nisubiri mvua za Desemba?