Mwanangu amekataa kusaini mahindi mabovu. Je, ni dhambi mama kuomba asaini?

Mama wa Mbozi:

Wapendwa katika Kristo, naomba mnisaidie, na tafadhali msinijibu kwa haraka.

Kijana wangu wa pili ana miaka 27. Anafanya kazi kwenye ghala moja la nafaka, sitalitaja. Gari likiingia, yeye ndiye anayechoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea punje za kupima, anapima unyevu, anapima sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayoharibu ini, halafu anasaini fomu. Bila saini yake mzigo haushuki.

Wiki mbili zilizopita yaliingia magari mawili yaliyonyeshewa njiani. Unyevu ulisoma asilimia 17, wakati mwisho unaokubalika ni 13.5, na sumukuvu ilikuwa juu mno. Akakataa. Akaitwa pembeni, akaonyeshwa bahasha. Akakataa tena. Usiku ule akapigiwa simu na namba asiyoijua, akaambiwa njia anayopita kwenda kwake inajulikana. Magari bado yamesimama uani, na kila asubuhi fomu inawekwa upya mezani pake.

Jumapili alikuja nyumbani, akatoa mfukoni punje alizofunga kwenye karatasi. Nikazimwaga kwenye ungo. Ukitazama kwa juu ni mahindi tu. Nilipozigeuza nikaona kwenye kiini vumbi la kijani lililoshikana, na moja nilipoipasua kwa kucha ndani ilikuwa nyeusi. Harufu yake ni ya nguo mbichi iliyosahaulika kwenye ndoo. Kuku alisogea nikamfukuza. Kijana akaniambia, "Mama, haya yakisagwa hakuna atakayeona kitu. Yanakwenda kuliwa na watoto wa shule." Sisi sote tunakumbuka mwaka 2016, watu walivyokufa kwa sumukuvu Dodoma na Manyara.

Sasa shida ni mimi. Mimi ndiye niliyemfundisha Nasadiki, sala ya kukiri imani yetu, kabla hajaanza shule, usiku tukipukuchua mahindi. Alikuwa akisema "ufufuko wa mwili", nami namrekebisha, sema wa miili, mwanangu, ni ya watu wote. Na mwezi wa saba katekista wetu alipotusimulia kwenye jumuiya habari za Mwenyeheri Floribert Bwana Chui wa Goma, Kongo, aliyeuawa kwa kukataa kupitisha chakula kibovu, nilipiga vigelegele kuliko wote. Leo jambo lenyewe limeingia mlangoni kwangu, na vigelegele sina. Nashika rozari usiku na ninachoomba ni kwamba mwanangu asaini aishi. Nimelisema. Kesho nampigia simu. Nimwambie nini?

Mtoto wa Goma:

Mama, jambo. Pole sana. Mimi ni mzaliwa wa Goma, kwa sasa ninakaa Nairobi. Floribert kwetu si picha ya ukutani tu. Alisomea sheria, akapata kazi kwenye ofisi ya serikali inayokagua bidhaa, pale mpakani na Rwanda. Mwaka 2007 watu walileta chakula kilichoharibika, wakamtolea pesa ili apitishe, akazuia. Tarehe 7 mwezi wa saba wakamteka, siku ya pili yake wakamuua. Alikuwa na miaka 26. Mwili ulikutwa na alama za mateso.

Kuna mtawa mmoja, daktari, ambaye Floribert alimweleza mambo yale kabla. Kwa ushuhuda wake, kijana alisema zile pesa zingekwisha upesi, lakini wale ambao wangekula kile chakula wangepatwa na nini? Akajiuliza pia kama yeye anaishi katika Kristo au haishi.

Ninachotaka ujue, mama, ni kwamba hakuwa mtu wa kutafuta kifo. Alikuwa anafundisha maibobo, wale watoto wa barabarani, katika Shule ya Amani ya Sant'Egidio, jumuiya ya walei Wakatoliki. Mimi nadhani ndiyo sababu mkono wake haukuweza kupitisha ule mzigo. Alijua kwa majina watu wanaokula chakula cha bei ya chini. Na kijana wako ni vilevile, hakukuambia "kanuni haziruhusu", alikuambia habari za watoto wa shule.

Papa Fransisko alipomtaja mbele ya vijana Kinshasa mwaka 2023, mama yangu alilia, na haikuwa kwa furaha peke yake. Kwa hiyo sikuambii ushangilie.

Neema tupu:

Nakuombea mama. Bwana akutie nguvu.

Kaka wa Ubungo:

Mama, shikamoo. Mniwie radhi wote, lakini mimi nasema aache hiyo kazi leo hii. Kaka yangu alisimama hivyohivyo mahali fulani. Hakuuawa, alifukuzwa. Kesho yake aliwekwa mtu mwingine, akasaini, mzigo ukatoka. Watoto wake tunawasomesha sisi. Nampenda Yesu na ninaamini atanifufua, ila sioni kukataa kwake kulizuia nini. Mungu hahitaji damu ya mwanao ili watu wapewe chakula safi.

Katekista mstaafu:

Dada yangu, na wewe kijana wa Ubungo, nimewasoma mara tatu. Nimekuwa katekista zaidi ya miaka thelathini, na nimezika wengi, akiwemo binti yangu mwenyewe. Siongei kwa wepesi.

Dada, kuomba mtoto wako aishi si dhambi. Bwana wetu mwenyewe aliomba kikombe kimwepuke. Hata Polikarpo wa Smirna, askofu mzee aliyekuwa amemtumikia Kristo miaka 86, walipoanza kumtafuta alikubali kwanza kwenda kujificha shambani. Na Kanisa la Smirna, liliposimulia kifo chake, liliandika kwamba halimsifu anayejipeleka mwenyewe kwa wauaji. Kijana akihama, akilala kwingine, akiacha kazi kama anavyoshauri huyu ndugu, hajamkana mtu. Kuondoka ni jambo moja, kusaini ni jambo jingine kabisa.

Chukua Biblia usome kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya saba. Yule mama alikuwa na wana saba, na mfalme aliwaua siku moja kwa sababu hawakukubali kuvunja sheria ya Mungu. Wa tatu alipoitwa, alinyosha mikono yake mwenyewe, akasema amepewa na Mbingu na anatumaini kuipokea tena huko. Mikono, dada. Hakusema roho yake. Nimefundisha sura ile kwa miaka, na siku nilipomzika binti yangu ndipo nilipoisikia. Mikono ile mama yake aliiosha ikiwa midogo, akaikata kucha, na imani yake ilikuwa kwamba Mungu haitupi.

Ulimrekebisha vizuri mwanao, ni ufufuko wa miili. Mwili wake, na miili ya hao watoto watakaokula huo ugali. Kama Mungu anakusudia kuifufua, basi ini la mtoto wa darasa la pili lina thamani mbele zake leo, kabla ya kaburi. Ndugu wa Ubungo, hilo ndilo jibu nililonalo. Mzigo alioukataa kaka yako ulitoka, ni kweli, na inauma. Ila haukutoka kwa mkono wake, na mkono huo ataupokea tena. Nakuheshimu kwa kuwasomesha watoto wake. Mnabeba sehemu ya sadaka yake, hata kama hakuna aliyewaambia.

Jambo la mwisho. Katika sura hiyohiyo mfalme alimwita yule mama, akamtaka amshawishi kitindamimba wake akubali. Akainama, akasema na mwanawe kwa lugha ya nyumbani. Soma alichomwambia kabla hujapiga simu.

Mpimaji:

Shikamoo mama. Nafanya kazi ya namna hiyo mkoa mwingine. Mwambie yafuatayo leo. Apige picha ya usomaji wa kipimo na namba za magari. Nakala ya fomu aliyoandika "haifai" aitoe nje ya ghala, ikae kwa watu wawili anaowaamini. Ile simu ya vitisho airipoti polisi apewe namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yake. Aripoti pia ngazi ya juu kwa maandishi, na aandike jina la aliyepokea barua. Asipite njia moja kila siku, asipande bodaboda asiyoijua. Wanapenda mtu aliye peke yake. Padre wenu ajue.

Mama wa Mbozi:

Marahaba wanangu. Katekista, asante kaka, Mungu ampumzishe binti yako. Sura ile niliisoma saa kumi alfajiri, nikaisoma tena.

Nilimpigia saa moja na nusu. Alikuwa tayari ghalani na nilisikia watu karibu yake wakiongea, basi nikasema naye Kinyiha, lugha ya kwetu. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakanitoka machache. Nilimwambia usisaini. Halafu nikamwambia usilale huko leo, njoo. Akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani simu imekatika. Akasema, "Mama, nilikuwa naogopa utaniambia nisaini."

Picha amepiga. Barua ameipeleka na ina muhuri. Padre amempa namba ya wakili anayemfahamu. Kuhusu kazi sijui itakuwaje, mwezi huu tutakula tulichonacho.

Amefika saa mbili usiku na basi, na sasa amelala chumba chake cha zamani, miguu imezidi kitanda. Nimekaa mlangoni kidogo nikiitazama mikono yake. Zile punje za kwenye ungo nimezichimbia shimo nyuma ya nyumba, nikaweka jiwe juu, kuku wasifukue.