Naomba ushauri: mama anaugua, mdogo wangu wa kiume naye kaugua, nimwambieje kitinda mimba wetu?

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni mawazo yenu.

Mama yetu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini mambo yasiyokuwepo, tangu sijaanza shule. Anatumia dawa na anaendelea vizuri. Mwaka jana mdogo wangu wa kiume, miaka 21, alikosa mkopo wa chuo. Akawa anabeba zege mchana, anasoma usiku, halali. Siku moja nikamkuta kaziba matundu ya dirisha kwa vipande vya kanga ya mama, anasema majirani wanamsikiliza. Wajomba wakasema karogwa, tukapoteza miezi miwili kwa mganga. Hilo linaniuma mpaka leo. Sasa yuko kliniki, anameza dawa ya olanzapini, na usingizi umerudi.

Daktari alinieleza kuwa hakuna jeni (chembe ya urithi) moja inayoleta ugonjwa huu. Ni nyingi, kila moja inachangia kidogo. Kwa watu kwa ujumla huupata karibu 1 kati ya 100, ila mwenye mzazi anayeugua ni karibu 10 kati ya 100. Msongo na bangi huongeza hatari.

Kitinda mimba wetu, msichana wa miaka 18, anaanza chuo Oktoba, mbali na nyumbani. Ada yake nimeshaikusanya, asije akahangaika kama kaka yake.

Kwa mliopitia haya: nimweleze vipi habari za ukoo wetu bila kumjaza hofu? Na ni dalili gani za mwanzo mliziona kwa ndugu zenu, kabla mambo hayajaharibika?