Diski ina nafasi, programu yasema haina: mzani wa mwani, Micheweni

FundiMzani
Assalamu alaykum, wakubwa kwa wadogo. Niko Micheweni, Pemba, naangalia kompyuta ya ghala la mwani. Programu ya mzani ikiwashwa hujigawa pande mbili: mmoja husoma kilo, wa pili huchapa risiti. Pande hizo huonana kwa kumbukumbu ya pamoja na kupeana zamu kwa semafo, yaani alama za kufunga na kufungua zamu. Aliyeiandika keshahama, kaniachia msimbo wa C.

Printa ikikwama, karani huiua programu kwa `kill -9` na kuiwasha tena. Siku za bamvu hufika mara tano, sita kwa siku. Leo imekataa kuwaka: `semget: No space left on device`. Nimeangalia `df -h`, diski imetumika asilimia 41. `df -i`, ya nafasi za idadi ya faili, nayo haina neno. Mwezi uliopita ilifanya hivi hivi, nikazima mashine na kuiwasha, ikapona. Safari hii sijaizima, nataka kujua. Tunaandika kwa daftari, na nje kina mama wamekaa juu ya polo zao, mmoja katoka Shumba tangu alfajiri, na wingu limetanda. Mwani mkavu ukinyewa, kazi yake yote imepotea. Nini kilichojaa?

BintiTomondo
Waalaykum salaam kaka. Umefanya vyema kutoizima, maana ukizima ushahidi wote unapotea. Hapo diski haihusiki. Keneli, kiini cha mfumo wa kompyuta, ina kikomo cha seti za semafo, na kikifikiwa `semget` hurudisha kosa lile lile la diski kujaa. Toa hizi mbili utuletee:

`ipcs -s`
`ipcs -ls`

Ya kwanza inaorodhesha seti zilizopo na mwenyewe nani. Ya pili inaonesha vikomo.

FundiMzani
Subhanallah. Kikomo cha seti ni 128. Orodha imejaa skrini tatu, yote namna hii:

`0x00000000 1015829 mzani 600 1`

Nimehesabu kwa `ipcs -s | grep -c mzani`, imetoka 126. Mbili zilizobaki ni za root, msimamizi mkuu wa mashine. Kila ikiwashwa programu huunda seti mbili, kwa hiyo imewashwa mara 63 tangu siku ile.

MzeeMtoni
Mwanangu, tazama safu ya kwanza. Sufuri tupu maana yake msimbo umetumia `IPC_PRIVATE`: kila ikiwaka inaunda mpya, haiulizi ya zamani. Na vitu hivi havifi na programu. Hukaa kwenye keneli mpaka vifutwe au mashine izimwe. `kill -9` haipi programu hata nafasi ya kusafisha nyuma yake.

Kabla ya kufuta, hakikisha hakuna anayezitumia. Kwa kumbukumbu ni rahisi: `ipcs -m`, tazama `nattch`. Ikiwa 0, hakuna aliyeshika. Semafo hazina safu hiyo. Chukua namba ya seti, andika `ipcs -s -i 1015829`, uone pid (namba ya programu inayoendeshwa) ya mwisho kuigusa, kisha `ps -p` ujue kama ingali hai. Ukiridhika, `ipcrm -s` na namba yake. Za root usiziguse kabisa! Nimeona mtu akifuta kila kitu kwa pupa, na programu iliyokuwa hai ikafa kazi ikiendelea.

BintiTomondo
Naongeza moja: `ipcs` huonesha za mtindo wa zamani, uitwao System V, tu. Programu nyingi za siku hizi huweka kumbukumbu zao za pamoja ndani ya `/dev/shm`, hizo utaziona kwa `ls -l`.

FundiMzani
Hakuna pid hata moja iliyo hai. Nimezifuta 126 zote kwa kitanzi kifupi cha shell, na vipande 63 vya kumbukumbu, vyote `nattch` 0. Mzani umewaka bila kuzima mashine. Yule mama wa Shumba nimempimia wa kwanza: kilo 38, risiti mkononi. Mvua haijashuka bado.

Sasa msimbo. Niongeze tu kikomo?

MzeeMtoni
Ukiongeza utaahirisha tu. Kumbukumbu iwekee `IPC_RMID`, alama ya kufutwa, mara pande zote mbili zikishaishika: itaishi hadi wa mwisho aiachie, hata akiuliwa kwa -9. Semafo hazina bahati hiyo, kwa hiyo zipe ufunguo maalumu kwa `ftok`, programu ikiwaka izikute zile zile. Na kila `semop` ya kufunga na kufungua iwe na `SEM_UNDO`, ili keneli iirudishe semafo ilivyokuwa programu ikifa, la sivyo karani akiiua katikati ya zamu, semafo itabaki imefungwa na upande wa risiti utangoja milele.

FundiMzani
Nimekuelewa mzee. Naifanya usiku huu, kesho bado ni bamvu. Karani nimemwekea `ipcs -u`, amri ya muhtasari wa hesabu hizi, kwenye karatasi ukutani, aniandikie namba kila jioni kabla ya kufunga ghala.