Kahawa ekari moja: kila siku nifanye nini hasa?

Kijana wa Kyotera
Salamu wakubwa zangu. Mzee amenikabidhi ekari moja ya robusta, mibuni kama 450. Nimeandika ukutani idadi ya magunia ya kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na maganda yake, ninayoyataka msimu ujao. Kila nikiitazama ile namba moyo unadunda, kisha naingia shambani sijui nianzie wapi. Vijiti vinakauka, majani yanageuka meusi, magugu nayo hayangoji. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Mibuni, Mutukula
Mwanangu, hongera kwa kuaminiwa shamba. Hiyo namba ya ukutani ina wenyewe wengi: mvua, bei, wadudu. Asubuhi yako ni yako peke yako. Basi chukua kazi hii: kila asubuhi kagua mibuni 20, usizidishe.

Vijiti vinavyokauka hivyo, mara nyingi ni yule mdudu mweusi mdogo anayetoboa matawi. Hapa Uganda alianza kuonekana mwaka 1993. Geuza kijiti utazame upande wa chini, utaona kitundu kama cha pini. Jike huingia humo, hutaga, na watoto hula ukungu anaouotesha mwenyewe ndani. Dawa ya kupuliza humfikia kwa shida. Kata chini ya kitundu, kuelekea shina, tia kwenye ndoo yenye kifuniko, choma siku hiyohiyo. Ukiviacha vijiti chini ya mti, wanatoka na kurudi juu.

Kwa nini 20? Tangu yai hadi mdudu mzima ni karibu mwezi. Kwa mibuni 20 kwa siku unalimaliza shamba lako kwa siku 23, unarudi kwenye ule wa kwanza kabla kizazi kipya hakijaruka. Hata msiba ukikukosesha siku mbili tatu, bado umewahi. Mimi mkasi wangu wa kupogolea unalala juu ya birika. Chai haichemki mpaka niushike.

Baba wa Masaka
Mama umenena, lakini mwenye watoto sekondari hawezi kuishi bila namba. Muhula ukifunguliwa, mhasibu wa shule haulizi habari za vijiti.

Mama Mibuni, Mutukula
Kweli baba, ada ni ada. Iandike kwenye daftari, uifungue siku ya kupanga na siku ya kuuza. Kinachomchosha kijana ni kuamka nayo kila siku. Msimu wa kuchuma ukifika, asubuhi ileile ina kazi nyingine: chuma nyekundu tu, anika juu ya turubai, si kwenye udongo, na geuza mara kwa mara. Zile za kijani zikikauka huwa nyepesi, na mizani haidanganyiki. Naona wengi wanazichuma kwa haraka ya kufikisha gunia, na inaniuma sana.

Kijana wa Kyotera
Asante sana mama. Mkasi sina, nina panga. Litafaa kwa kesho?

Mama Mibuni, Mutukula
Panga litachana vijiti. Tumia kisu kikali mpaka upate mkasi. Anza na mibuni iliyo kwenye kivuli kizito karibu na migomba, maana wadudu hao wanapenda penye unyevu.