Mrejesho: ile Impreza ya 2004 haikuwa STI

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza kama ile Subaru Impreza ya 2004 niliyoilipia advansi ni STI kweli (toleo kali zaidi) au WRX (toleo la chini yake) iliyovalishwa nembo za STI. Asanteni sana, mmeniokoa.

Nilifuata ushauri wa kuachana na spoila na nembo za pinki, nikafungua boneti. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini inaanza na GDA, yaani WRX. STI ya Japani ya umbo lile ni GDB. Nikahesabu gia: tano, wakati STI ina sita. Muuzaji akadai gia boksi ilibadilishwa. Sawa kaka, na chasisi nayo? Kimya.

Kudai advansi yote kumeishia njiani: kati ya laki tano nimerudishiwa tatu.

Jana nimeona nyingine, GDB, gia sita, breki za Brembo za rangi ya dhahabu. Nikashaanza kutabasamu. Fundi akamulika injini: EJ205 ya WRX, badala ya EJ207 ya STI. Bodi halali, moyo wa kuazima! Nimeomba punguzo la milioni mbili, nasubiri jibu.

Aliyesema niende na tochi, ubarikiwe.