Mjadala: Karafuu ziendelee kununuliwa na ZSTC peke yake?

MLETA MADA

Assalamu alaykum. Msimu ukiingia Pemba nzima hunukia. Kila penye sakafu au lami pana majamvi ya karafuu. Lakini ikishakauka, mwenye nayo ana mlango mmoja tu wa kuuzia: Shirika la Taifa la Biashara, ZSTC, lililoundwa 1968. Akiuza kwengine ni magendo, na sheria ya 2014 inamsubiri. Pilipili manga yake humuuzia amtakaye. Mdalasini kadhalika. Karafuu hapana.

Mimi nasema ZSTC ibaki, ila wanunuzi wengine nao waruhusiwe kuja na mizani zao. Biashara ya wazi si ngeni kwetu. Mwaka 1833 Seyyid Said alifunga mkataba na Marekani, bidhaa zao zikilipa ushuru wa asilimia 5 tu zikishushwa, na ni katika zama zizo hizo mikarafuu ilipotanda visiwani humu. Leo Madagascar karafuu husafirishwa na wafanyabiashara binafsi, na inatupita mbali sokoni. Sisi tunaogopa nini?

MCHANGIAJI, WETE

Kaka, tunaogopa yaliyowapata wakulima wa mwani. Zao lile lilianza kibiashara 1989 huko Paje na Jambiani, na tangu siku ya kwanza wanunuzi ni makampuni binafsi. Mama zetu wanashinda majini, migongo inawauma, halafu kwa miaka mingi kilo ya mwani mkavu ilinunuliwa shilingi mia kadhaa. Uhuru huo umewapa nini? ZSTC, kwa upande wake, wakati wa Dk. Shein ilimpa mkulima asilimia 80 ya bei ya nje, na kilo ya daraja la kwanza ikasimama kwenye shilingi 14,000 misimu kadhaa. Ngalawa za magendo za kwenda Kenya zikapungua bila ya mtu kupigwa.

MLETA MADA

Mfano wa mwani ni mzito, na siukwepi. Lakini tazama ulivyokuwa: kampuni inampa mama kamba na taitai, vile vijikamba vya kufungia mwani, naye analazimika kuwauzia hao hao waliompa. Kijiji kizima, mnunuzi mmoja. Huo ni mlango mmoja vile vile, kilichobadilika ni mwenye ufunguo. Ninachokitaka mimi ni wanunuzi watatu au wanne kituo kimoja, siku moja, na bei ya ZSTC iwe ndiyo ya chini kabisa, asiruhusiwe mtu kushuka hapo.

Na kutegemea mtu mmoja kulishatuumiza. Indonesia ilikuwa ndiye mteja wetu mkubwa, karafuu zetu zikiingia kwenye sigara zao za kretek. Wakapanda mikarafuu yao, ikazaa, na miaka ya themanini bei ikaanguka. Wapo waliokata mikarafuu wakapanda muhogo. Mwenye kujua wateja wengi wa nje ni mfanyabiashara anayewatafuta kila siku.

MCHANGIAJI, MKOANI

Mimi ni mwanamke ninayechuma na ninayemiliki mikarafuu michache. Nyote wawili mmesahau njaa. Mfanyabiashara hatokuja karafuu ikishakauka. Atakuja shada likiwa changa, mtoto anadaiwa ada, wachumaji wanataka chao kwa pishi, akununulie mtini kwa nusu ya bei. Hapo bei ya chini ya ZSTC itanisaidia nini?

MLETA MADA

Dada yangu, hilo ndilo gumu kuliko yote, na sikuliweka mwanzo, nilikosea. ZSTC imekuwa ikitoa mikopo isiyo na riba wakati wa mavuno. Basi mikopo hiyo isiguswe, na sheria ikataze mnunuzi binafsi kununua karafuu iliyo mtini: anunue kavu tu, kituoni, mchana, mizani ikionekana na watu. Kwa masharti hayo, wewe bado unakataa?