Naombeni ushauri: mechi saba, mabao mawili, na timu nimekabidhiwa mimi

Mwalimu wa Muheza

Habari za jioni wakuu. Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Muheza, Tanga. Nimecheza mpira wa mchangani miaka mingi, beki wa kati, na nina leseni D ya CAF. Wiki tano zilizopita kocha wa timu yetu ya kata alihama kikazi. Wazee wakanifuata nyumbani usiku, wakanikabidhi timu na begi la mipira minne. Ligi ya wilaya ilikuwa imeshachezwa mechi nne. Mimi nimesimamia tatu.

Hali ni hii: mechi saba, mabao mawili. Moja penalti, jingine beki wao alijifunga. Maana yake tangu ligi ianze hakuna mchezaji wetu aliyefunga bao mpira ukiwa unatembea. Tumefungwa matano tu, kwa hiyo nyuma sina malalamiko. Sare nne, tumepoteza tatu zote kwa bao moja moja. Tuko wa pili kutoka mkiani na zimebaki mechi mbili mzunguko wa kwanza uishe.

Natumia 4-3-3, yaani mabeki wanne, viungo watatu na watatu mbele. Nina mawinga wawili wepesi sana, wa kulia ni dereva wa bodaboda na akishika mpira uwanja mzima unasimama. Tatizo ni pale katikati mbele, kwa straika. Nimebadilisha straika mara tatu. Wa kwanza ni mrefu, kipenzi cha mji mzima, msimu juzi alifunga sana. Sasa hivi anazomewa hadi na watoto. Wazee wanataka niachane na pasi, mpira ukitoka kwa beki urushwe juu kwake moja kwa moja.

Niwape tukio moja la Jumapili. Dakika ya 80 hivi, winga wangu wa kulia alimtoka beki, akafika mpaka mstari wa goli. Nilikuwa nimesimama upande ule ule, kama hatua kumi kutoka alipo. Akainua kichwa, akatulia, akatafuta, akatafuta tena, mwisho akainua krosi ambayo kipa aliidaka bila hata kuruka. Nikamuuliza, kwa nini umechelewa? Akanijibu, "Mwalimu, nilikuwa simuoni mtu." Uwanja wote ukamgeukia straika na matusi.

Silali vizuri. Nianzie wapi?

Kiatu Cheusi

Pole mkuu. Straika ni garasa huyo, hakuna cha mjadala. Mabao hayafundishwi, mtu anazaliwa nayo. Zunguka shule za sekondari za hapo utapata dogo mwenye uchu na goli.

Namba Tisa Mstaafu

Kiatu Cheusi, nakuheshimu ila hapa umeteleza, na ushauri wa namna hii ndio unaoua washambuliaji wetu.

Mwalimu, rudi usome ulichoandika wewe mwenyewe. Winga kakwambia simuoni mtu. Hajakwambia namuona straika lakini hajui kufunga. Uwanja mzima umemhukumu mtu mmoja aliyekuwa ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, na mabeki watatu mgongoni. Wengine walikuwa wapi?

Nimecheza namba tisa, yaani straika, hapo hapo Tanga. Kuna msimu nilikaa mechi tisa bila bao, nikaanza kupitia njia ya uchochoroni kurudi nyumbani ili nisikutane na watu. Akaja kocha mpya, mtu mzima, mpole. Hakunifundisha kupiga shuti hata siku moja. Alimkalisha chini namba nane, yule kiungo wa kupanda, na winga wa kushoto, akawaambia mpira ukiwa kulia nyinyi wawili makazi yenu ni ndani ya kumi na nane. Mechi ya kwanza sikufunga mimi, alifunga namba nane. Mechi ya pili mabeki wakaanza kumwangalia yeye, nami nikapata nafasi ya kupumua. Nikafunga.

Kabla hujabadilisha kitu, hesabu. Mpe mwanafunzi wako mmoja makini daftari na kalamu. Kila mpira wenu unapoingia kumi na nane, aandike wachezaji wenu wangapi wamo ndani. Basi, asiandike kingine.

Kijana wa Jangwani

Nakazia hapo. Sisi watu wa Yanga tumeliona hili kwa macho. Straika wetu Mayele alipoondoka 2023 kwenda Pyramids ya Misri watu walilia barabarani. Alikuwa ametoka kufunga mabao 17 ya ligi, sawa na Saido Ntibazonkiza. Tukasema bila yeye nani atafunga?

Kocha wetu wa wakati ule, Gamondi, hakumpata Mayele mwingine, lakini mabao hayakukauka. Msimu wa 2023/24 mfungaji bora wa ligi alikuwa Aziz Ki, kiungo, mabao 21. Yale mabao matano tuliyowafunga Simba tarehe 5 Novemba 2023, waliofunga ni Musonda, Maxi mawili, Aziz Ki na Pacome. Straika hapo ni Musonda peke yake. Wengine wote ni watu wanaotokea nyuma wakiwa wamekwisha kuliona goli, na beki hajui amshike nani.

Mtoto wa Msimbazi

Za Novemba tano sitazijadili leo. Ila hoja ni ya kweli. Msimu wa 2024/25 mfungaji bora alikuwa Ahoua, akiwa kwetu Simba, naye kiungo, mabao 16.

Naongeza jambo moja ili mwalimu asiende kumtupa straika. Straika wetu wa zamani Kagere alimaliza na mabao 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata, na yule alikuwa mtu wa kumalizia haswa. Lakini tazama aliokuwa nao: Okwi, Bocco, Chama. Akigeuka kulia yupo mtu, akigeuka kushoto yupo mtu. Ungempeleka Kagere kwenye timu ya mwalimu akae peke yake pale mbele, naye angezomewa.

Mwalimu wa Muheza

MREJESHO. Wakuu, nashukuru sana. Jana tumecheza, sare ya bila kufungana. Nilimweka binti mmoja wa darasa la sita pembeni na daftari la hesabu, na alikuwa makini kuliko benchi langu zima.

Mpira wetu uliingia kumi na nane mara 19. Mara 13 ndani alikuwepo mtu wetu mmoja. Mara 4 hakuwepo mtu kabisa. Mara 2 walikuwa wawili. Watatu haikutokea hata mara moja.

Nimelisoma lile daftari usiku nikaona aibu, kwa sababu kosa ni langu. Mimi ndiye niliyewaambia viungo wote watatu wasivuke mstari wa kumi na nane, wabaki kuzuia kaunta, yaani shambulizi la kushtukiza. Na winga wa kushoto nilimwambia akae kwenye chaki, pembeni kabisa mwa uwanja. Nimecheza beki maisha yangu yote, na timu nimeipanga kwa hofu ya beki. Asubuhi nilimpigia yule kijana mrefu nikamwomba radhi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Asante mwalimu, nilishaanza kufikiria kuacha mpira."

Sasa nifundisheni. Nawaingizaje watatu bila kuachia mlango wazi nyuma?

Mzee wa Koni

Hapo sasa ndipo kazi ya kocha inapoanza. Hongera kwa kumpigia simu yule kijana.

Nimefundisha madaraja ya chini zaidi ya miaka 20. Nenda uwanjani na chokaa, uchore maboksi matatu mbele ya goli. La kwanza nguzo ya karibu na mpira. La pili nguzo ya mbali. La tatu kwenye alama ya penalti, zile mita 11, kwa ajili ya pasi ya kurudishwa nyuma. Winga wa kulia akimtoka mtu wake, straika anakimbilia nguzo ya karibu, na kabla hajakimbia apige hatua mbili kurudi nyuma ili beki amsahau. Winga wa kushoto anaingia nguzo ya mbali. Namba nane anakwenda boksi la penalti, na huyu ACHELEWE. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu vijana wote wanawahi, wanafika kabla ya mpira na kusimama, na mtu aliyesimama hukabwa hata na beki mvivu.

Winga usimruhusu kuinua kichwa kutafuta watu. Watu wanajulikana walipo. Kazi yake ni kuchagua boksi. Mpira wa chini kwenda nyuma ndio uwe chaguo la kwanza, kwa sababu mabeki wanakuwa wanakimbia kuelekea goli lao na hawawezi kugeuka. Krosi ya juu iwe ya mwisho.

Nyuma: namba sita, kiungo mkabaji, na kiungo wa tatu wanabaki nje ya kumi na nane kuokota mipira inayotemwa. Mabeki wa kati wapande hadi karibu na mstari wa kati. Beki wa upande ulioko mpira anaweza kupanda kusaidia, wa upande wa pili anaingia ndani kuungana na mabeki wa kati. Hao ni watu watano. Kaunta haitakuua.

Mazoezi: washambuliaji sita kwa mabeki wanne, goli moja. Sheria ni moja tu, bao linahesabika tu kama maboksi yote matatu yana watu. Dakika 20 kila siku, zisizidi. Na yale mazoezi ya foleni, watu kumi na tano wamejipanga wanapiga mpira mmoja mmoja golini, yaache. Mtu anapiga mara nne kwa jioni nzima, hana beki, hana presha. Hayafundishi kitu.

Jingine dogo kwa yule mrefu: mpira wa kurusha hauna kuotea. Kama una kijana mwenye mikono ya kurusha mbali, msimamishe mrefu nyuma ya mabeki wao wote, hata mita tano kutoka kwa kipa. Timu nyingi za wilaya hazijajiandaa na hilo.

Mama Wawili

Samahani naingia, mimi sijui mifumo. Mwanangu anacheza ligi kama hiyo. Mwalimu, vijana wako wanafanya kazi gani mchana? Huku kwetu msimu wa machungwa wanapakia malori tangu alfajiri, wanakuja mazoezini saa kumi wamekula chapati mbili na chai ya rangi. Unamwambia namba nane akimbie kutoka katikati mpaka golini mara ishirini, atatoa wapi nguvu dakika ya 80?

Waulize wake na mama zao. Sisi kata nzima tulichanga unga wa lishe na sukari, siku ya mechi wanapikiwa uji saa nne asubuhi, na mchana wali maharage mapema, wasile karibu na mechi. Gharama ndogo sana. Na mazoezi ya mbio siku moja kabla ya mechi muyaache, wanangu wanachoka.

Mwalimu wa Muheza

Mama shikamoo. Umegusa penyewe. Namba nane wangu ni mpakiaji wa machungwa kweli, na mabao mengi tunafungwa dakika za mwisho. Kesho naongea na akina mama wa hapa.

Bado nina mtihani wa wazee. Mwenyekiti kanipigia leo anasisitiza mipira mirefu.

Kipa wa Zamani

Wazee usibishane nao mbele ya wachezaji, wala kwenye simu. Nenda kwa mwenyekiti jioni akiwa ametulia, ukae, usalimie, unywe chai yake. Kisha toa lile daftari la binti. Usimfundishe mpira, mwonyeshe namba 19 na namba 13, umuulize, "Mzee, wewe ungemlaumu nani?" Halafu muombe mechi tatu, azitamke mwenyewe kwamba amekupa. Mtu mzima akishatamka harudi nyuma kirahisi.

Na mpira mrefu usiukatae wote. Huyo mrefu ukimrushia mara nne kwa mechi, namba nane akiwa karibu yake kuokota, wazee nao wataona wamesikilizwa.

Mwalimu wa Muheza

MREJESHO WA PILI. Tumemaliza mzunguko wa kwanza jana, ugenini. 1-1.

Mwenyekiti alinipa mechi tatu. Chokaa tulichora siku nne mfululizo, siku mbili za kwanza vurugu tupu, wanagongana wenyewe. Uji ulipikwa.

Dakika ya 58 winga wa kulia akamtoka mtu, akafika mstari wa goli pale pale kama siku ile. Safari hii hakuinua kichwa. Straika alikimbilia nguzo ya karibu akaondoka na mabeki wawili, mpira ukapita nyuma yao chinichini. Namba nane akafika akiwa amechelewa kama alivyofundishwa, akaupiga kwa ndani ya mguu, taratibu, kama anapasia mwenzake. Kipa hakusogea. Aliyekuwa wa kwanza kumrukia namba nane ni yule mrefu.

Daftari: mara 22 mpira ndani. Watatu mara 6, wawili mara 9, mmoja mara 7.

Walisawazisha dakika ya 71 kwa kaunta. Mzee wa Koni, nilikuwa na watu wanne nyuma, siyo watano.

Mzee wa Koni

Hiyo 6 naipenda kuliko bao lenyewe. Mpira wao wa kaunta ulipitia upande gani? Beki tatu wako, yule wa kushoto, alikuwa wapi?

Mwalimu wa Muheza

Ulipitia kwake. Nimemuuliza asubuhi hii, anasema aliona wenzake wanaingia, naye akatamani kufunga, akapanda. Leo saa kumi na moja tunaanza naye.